Mzee wa Makabati na Managu Yangu

Ukimwambia kwamba mvua imenyesha Njoro, alikuuliza umejuaje. Ukisema umeyaona mawingu yakimwaga upande ule, alitikisa kichwa kukubali, akangoja kidogo, kisha akasema: "Haya, huo ni ushahidi mmoja. Wa pili uko wapi?" Kama huna wa pili, basi kwake mvua ilikuwa bado. Siku moja nilimjia nimelowa chapachapa, maji yananichuruzika mpaka vidole vya miguu, nikamwambia, "Mzee, wa pili ni mimi mwenyewe." Akashika pindo la leso yangu, akalikamua, akatazama maji yakidondoka, ndipo akasema, "Sawa. Imenyesha."

Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini? Mimi nilimpikia kwa miaka sita, nyumba zetu zikitazamana, na mara nyingi nilitaka kumchapa kwa mwiko.

Jina alikuwa nalo, tena zuri, lakini sitalitaja. Yeye mwenyewe alikuwa akisema jina ndilo jambo la mwisho kujua juu ya kitu chochote, kwa sababu watu wakishapata jina huacha kuangalia. Sisi wote tulimwita Mzee wa Makabati, na aliitikia. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, hayo sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Mke wake alikuwa nyumbani kwao akilima, akija kumwona baada ya mavuno na kurudi.

Mahali penyewe palikuwa shamba la serikali la kujaribia mimea, kwenye barabara inayopanda kwenda Mau Narok. Kila upande ilikuwa ngano, kisha pareto, kisha baridi. Nyuma ya ofisi palikuwa na chumba kirefu chenye makabati ya mbao yaliyopakwa rangi ya kijani, na ndani ya makabati hayo hamkuwa na nguo wala vyombo, mlikuwa na majani makavu. Mimi siku ya kwanza kuoneshwa nilicheka. Nilidhani Wazungu wameweka akiba ya chakula cha mbuzi.

Kazi ya Mzee ilikuwa kutoka na baiskeli, kutafuta mimea, kuing'oa na mizizi yake, na kuibana kati ya magazeti ya zamani ndani ya mbao mbili zilizofungwa kwa mikanda. Kila asubuhi alibadilisha magazeti mpaka mmea ukauke bila kuoza. Kisha aliugundisha kwenye karatasi nene na kuandika chini yake, kwa mwandiko uliopendeza kuliko mwandiko wa karani yeyote niliyepata kumwona: umetoka wapi, siku gani, una urefu gani, ua lake lilikuwa na rangi gani lilipokuwa hai, na unanuka vipi ukiufikicha. Rangi na harufu hufa kwenye karatasi, alisema, kwa hiyo asipoandika papo hapo atakuwa amewadanganya watakaokuja.

Kazi yangu mimi ilikuwa jiko. Nilikuwa mjane, mume wangu alifia kazini kwenye reli, nimebaki na mwanangu Rispa na mdogo wake, na shamba la mume wangu huko magharibi lilikuwa limeshaingiwa na shemeji. Pale nilipewa kazi ya kuwapikia wafanyakazi chakula cha mchana, na pamoja na kazi nilipewa chumba kimoja kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi. Kazi ikiisha, chumba kimeisha. Hilo nililijua kila nilipogeuza ugali.

Ugali ulikuwa wa posho, maharagwe yalikuwa ya posho, lakini mboga ilikuwa yangu mwenyewe. Na mboga yangu ilikuwa managu. Kwetu tuliita lisutsa, Wajaluo wakaita osuga, na fundi mmoja aliyetoka pwani akaita mnavu, lakini pale kila mtu alisema managu, nami nikasema managu. Niliichemsha, nikamwaga maji ya kwanza, nikaiweka maziwa, nikaiacha ilale kwenye chungu hadi kesho yake. Sijisifu. Waulizeni waliokula.

Kila siku Mzee alifika jikoni saa tano, kabla ya wenzake, akakalia debe lililopinduliwa karibu na mlango. Bila kuomba ruhusa alivuta ungo wangu wa mboga na kuanza kuyatandaza majani, moja moja, akigeuza kila jani na kutazama chini yake. Mengine aliyafikicha akanusa.

"Mzee, unatafuta nini kwenye mboga yangu?"

"Sitafuti. Naangalia."

"Na ukimaliza kuangalia utanipikia?"

"Wewe pika, Mama Rispa. Mimi sijui kupika."

Hapo ndipo alipokuwa akinifundisha, nitake nisitake. Aliniambia managu, viazi, nyanya, pilipili na tumbaku ni ukoo mmoja. Nikamwambia wacha mzaha, kiazi kiko chini ya udongo na nyanya iko juu, udugu umetoka wapi? Kesho yake alikuja na ua la kiazi kutoka Mau Narok, ua la managu na ua la nyanya, akayapanga juu ya kifuniko cha sufuria. Pande tano, pande tano, pande tano. Katikati ya kila moja kulikuwa na kijidomo cha manjano kimechomoza. Nikayahesabu tena mwenyewe.

"Na kuna ndugu mwingine," akasema. "Mranaha. Ule wenye ua refu jeupe na tunda la miiba, unaoota kwenye maboma ya ng'ombe. Huyo ni jambazi wa ukoo. Akiwa mdogo amefanana na managu mpaka unaweza kumbusu."

"Mimi managu nayajua tangu sijaota meno."

"Unayajua kwa macho. Huo ni mmoja."

Alikuwa na makosa yake, msidhani namsifu mtu asiyekuwa na makosa. Aliyeweza kutofautisha nyasi mbili kwa unywele uliokuwa kwenye shina, hakuweza kuwatambua kuku wake mwenyewe. Mara tatu alikuja kunishtaki kwamba kuku wake yuko kwangu, na mara tatu tulikuta kuku wake amelala chini ya kitanda chake. Nilimwuliza, "Haya Mzee, wa pili uko wapi?" Alicheka mpaka akakohoa. Baiskeli aliisahau dukani Njoro mara nyingi, akarudi kwa miguu, akafika akiwa na furaha kwa sababu njiani ameona mti fulani.

Kanisani alikaa mbele na kuimba sauti nzito. Jumapili moja mwalimu wa dini alisoma orodha ya ndege walioharamishwa, akafika kwenye popo. Baada ya ibada Mzee akamngoja mlangoni, kwa heshima zote, kofia mkononi.

"Mwalimu, popo ana nywele. Ana masikio. Ananyonyesha mtoto wake."

"Ana mabawa, Mzee."

"Huo ni mmoja, Mwalimu."

Mwalimu wa dini alikasirika kwa wiki mbili. Mzee hakukasirika hata kidogo, na Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye kiti chake cha mbele akiimba. Alisema Mungu ndiye aliyeumba nywele na mabawa vyote viwili, sisi kazi yetu ni kuvisoma bila kuruka kurasa.

Aliniambia pia habari za hadubini ya Bwana. Bwana ndiye aliyekuwa mkuu wa shamba, Mzungu mrefu, mpole akiwa na mimea na mkali akiwa na watu. Bwana alikuwa akikata ncha ya mzizi, nyembamba kama uzi, akaitia dawa, akaiponda kati ya vioo viwili, halafu akachungulia. Ndani ya kila chembe ya mmea, Mzee alisema, kuna nyuzi ndogo sana, na zinahesabika. Mmea wa aina moja una nyuzi zile zile kila uendako, Njoro au Longonot. Bwana alikuwa anaanza kuhesabu za managu, na kila siku alitoka chumbani amekunja uso, kwa sababu hesabu zilikataa kukubaliana.

"Kwa nini zikatae?" nikauliza.

"Labda kwa sababu managu si moja."

"Si moja! Kwani hilo mpaka mchungulie kwenye mashine? Kuna ya tunda la rangi ya machungwa, kuna ya tunda jeusi kubwa, kuna ile ndogo chungu. Kila moja na mapishi yake."

"Bwana ameziweka kwenye jalada moja," akasema, kisha akabadilisha mazungumzo, na mimi sikujua kwa nini.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa mvua za masika, miaka ile ya hali ya hatari, ambapo mtu aliweza kufukuzwa kazi leo na kupakiwa lori kesho kwa neno dogo tu. Watu walikuwa wamechoka na maharagwe. Mzee alikuwa amekwenda upande wa Longonot kukusanya mimea kwa siku tatu. Mimi nikaenda kwenye boma la zamani la ng'ombe nyuma ya josho, ambako samadi ilikuwa nyingi na kila kitu kilikuwa kimechipua kijani kibichi. Mvua ilikuwa inanyunya. Nikajifunika gunia kichwani, nikang'oa miche mizima mizima kwa mafungu, mbio mbio, nikarudi jikoni, nikakata mizizi na kuitupa kwenye jalala, nikapika. Na nitasema ukweli: nilifurahi, haki ya Mungu, kwamba kwa mara moja nitapika bila mtu kunichokolea mboga.

Watu tisa walikula. Mimi sikula kwa sababu chungu kiliisha, walivyokipenda. Hata saa moja haikupita, dereva wa trekta akawa amesimama mbele ya nguzo ya ua, amevua kofia, anaisalimia nguzo kama baba mkwe wake na kuiomba radhi kwa ng'ombe aliowachelewesha. Mara ya kwanza tulicheka. Kisha mwingine akaanza kuokota hewani vitu visivyokuwepo. Nyuso zikawa moto, midomo ikakauka, macho yakawa meusi tii, mboni zimejaa jicho zima. Walipakiwa kwenye lori wakapelekwa hospitali Nakuru, na mimi nikabaki nimesimama na mwiko.

Hakufa mtu, namshukuru Mungu mpaka leo. Lakini jioni Bwana aliniita chumba cha makabati. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mpishi hakula. Siku zile, mpishi asiyekula alichokipika hakuhitaji shtaka lingine. Juu ya meza palikuwa na barua ya kwenda polisi, bado haijatiwa sahihi. Kando yake palikuwa na jalada la managu, limetolewa kabatini. Akalifungua, akanigeuzia niangalie. Mmea mkavu, nikautambua mara moja. Na chini yake, kwa mwandiko ule mzuri niliokuwa nikiusifu kwa kila mtu, neno moja kwa herufi kubwa: SUMU.

"Umewalisha watu sumu," Bwana akasema. "Hata kabati letu linajua." Nisiguse sufuria, akasema, nikae chumbani mpaka mwisho wa mwezi, kisha nitoke. Na barua ataiamua.

Mzee aliporudi kutoka Longonot nilikuwa mlangoni namngoja. Hata baiskeli sikumwacha aiegemeze.

"Wewe! Umekula managu yangu miaka mitano. Umeramba bakuli. Halafu asubuhi unaenda kuandika sumu?"

Alisimama. Sijawahi kumwona mtu akizeeka papo hapo, lakini siku ile nilimwona.

"Kitabu cha Bwana kinasema sumu," akasema polepole. "Aliniambia niandike. Nikaandika."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?"

Alitazama chini, kisha akauliza swali ambalo lilinifanya nitake kumrukia: "Mizizi uliitupa wapi?"

"Ati?"

"Uling'oa na mizizi? Uliitupa wapi?"

Nikamwonesha jalala kwa mkono, nikafunga mlango. Sikumsemesha tena kwa muda mrefu. Lakini dirisha langu lilielekea kwake, na mtu aliyekatazwa kazi hana la kufanya ila kutazama. Nilimwona amepiga magoti kwenye jalala langu, anachagua vishina vyenye mizizi katikati ya maganda na majivu. Mvua ilikuwa haijaacha kunyesha na vingine vilikuwa bado hai. Alivipanda kwenye mikebe ya samli, akaipanga kwenye kizingiti cha dirisha lake. Kisha akaenda boma la zamani akarudi na miche mingine kutoka mahali pale pale nilipochuma. Kisha akapanda baiskeli mpaka Nakuru, hospitalini. Dereva wa trekta alinisimulia baadaye: Mzee aliinama juu ya kitanda chake, akawasha kiberiti mbele ya jicho lake, akatazama kama mboni itajikunja. Haikujikunja. Akasema asante na kuondoka, hata pole hakusema.

Alimwomba Bwana kitu kimoja tu, asitie barua sahihi mpaka mikebe itoe maua. Bwana alikuwa mtu wa mimea, na ombi kama hilo hakuweza kulikataa. Mwezi ulikwisha, nikaachiwa chumba. Wiki zikaenda. Rispa alikuwa akiuliza kila jioni tunahama lini, nami nilimwambia lala. Nilishaifunga mizigo yetu kwenye blanketi moja, na blanketi hilo lilikaa pembeni tukilikwepa tukipita. Niliitazama ile mikebe kwa chuki na kwa matumaini, sijui kipi kilikuwa kingi.

Mikebe mingi ilitoa viua vidogo vyeupe, na kijidomo cha manjano katikati. Managu. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kwamba hiyo haikunisaidia kitu, maana managu ndiyo iliyoandikwa sumu. Lakini mikebe mitatu ilikuwa na miche iliyonenepa na majani yaliyojikata kata pembeni, na jioni moja, jua likizama, mmoja ulifungua ua refu jeupe, urefu wa kiganja. Mzee hakunigongea mlango. Alikwenda moja kwa moja kumwita Bwana.

Asubuhi niliitwa chumba cha makabati. Mikebe ilikuwa mezani. Mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi, kama siku ile ya mwalimu wa dini.

"Huyu hapa ndiye aliyewalevya," akasema. "Harufu ni yake, mama huyu angenusa angeijua. Macho ya wagonjwa ni kazi yake. Na ua limejitaja lenyewe. Matatu, Bwana." Kisha akanigeukia. "Na wewe ulikosa, Mama Rispa. Uling'oa kwa mafungu bila kunusa."

"Nilikosa," nikasema. Ilikuwa kweli, na nilishaijua tangu ua lile lilipofunguka.

Bwana alikuna kidevu. "Vizuri. Ulikuwa mranaha. Lakini na hii nyingine ni sumu pia. Imeandikwa. Kama anapika sumu kila siku, leo au kesho watu wataanguka tena."

Ndipo Mzee alipofanya jambo ambalo sikulitarajia kwake wala kwa mtu yeyote wa miaka ile. Alilivuta jalada, akaweka kidole juu ya neno lile.

"Bwana, neno hili niliandika mimi, kwa mkono huu. Siku niliyoliandika nilikuwa nimetoka kula bakuli mbili. Nilijua si kweli, nikaliandika. Kama kuna mtu wa kufukuzwa kwa sababu ya jalada hili, ni mimi."

Bwana alikitazama kile kidole. Nilisikia trekta mbali.

"Umekula," Bwana akasema. "Huo ni ushahidi mmoja." Na sijui alitania au alikuwa amemzoea mno: "Wa pili uko wapi?"

"Wa pili amesimama hapo," Mzee akasema, akaninyooshea mkono.

Alileta ungo. Ungo wangu mwenyewe, alikuwa ameuchukua jikoni. Ulikuwa umejaa majani mabichi kutoka kwenye vijishamba vya majaribio vya Bwana, managu za kila namna zimechanganywa, hakuna tunda hata moja la kunisaidia. Kila jani lilikuwa limefungwa kikaratasi cha namba kwenye kikonyo. "Tenganisha," akaniambia. "Kama unavyofanya jikoni."

Mwanzoni nilimtupia Bwana jicho kwa kila jani. Kisha nikasahau kwamba Bwana yupo. Hili laini, jembamba, lina vinywele, la tunda la machungwa, hili halitaki maziwa mengi. Hili pana, zito, la tunda jeusi kubwa, hili tamu, la watoto. Hili dogo, chungu, hili unamwaga maji mara mbili. Mengine niliyatafuna kidogo na kutema kwenye kiganja. Nikapata mafungu matatu, nikajifuta mikono kwenye gauni.

Bwana alifungua daftari lake. Alisoma namba za fungu la kwanza, akatazama hesabu zake za nyuzi. Akasoma la pili. La tatu. Akarudia tena kutoka mwanzo. Fungu langu la jani dogo lilikuwa na nyuzi chache, la vinywele lilikuwa nazo mara mbili, la jani pana mara tatu. Hakuna jani hata moja lililokuwa limepotea njia. Aliketi juu ya meza, juu ya barua yake, akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyetua mzigo.

"Miezi minne," akasema. "Miezi minne nachungulia kioo, na mpishi yuko mita hamsini."

Barua alipoiona imekunjamana chini yake aliichana, akaniambia nirudi jikoni. Mzee alichukua kisu kidogo cha kazi akalikwangua neno lile kwenye karatasi, polepole, mpaka pakabaki doa jeupe. Kisha akaandaa majalada matatu.

Sitasema tulikumbatiana, watu wa umri wetu hawakufanya hivyo. Nilimwambia, "Njoo saa tano," naye akaja. Nilikuwa nimeandaa managu kwa furaha, nimechuma mwenyewe, nimenusa jani kwa jani mpaka pua ikachoka. Akakalia debe lake. Akavuta ungo. Akaanza kutandaza majani, moja moja.

"Ala! Mzee! Hata baada ya yote hayo?"

"Hasa baada ya yote hayo."

Liliniuma, siwafichi. Mtu alikuwa tayari kupoteza kazi kwa ajili yangu mbele ya Bwana, lakini hakuwa tayari kula jani ambalo hajaligeuza. Na hakuacha. Mwaka mzima uliobaki, kila siku saa tano, alikagua mboga yangu. Sikuzoea. Nilitaka siku moja tu aniamini mkono wangu bila macho yake, na siku hiyo haikuja. Nilipoacha kazi na kuhamia Nakuru tuliagana vizuri, akanipa mbegu za aina tatu kwenye bahasha tatu, kila moja na mwandiko wake. Hakuna iliyoandikwa sumu.

Nakuru nilifungua hoteli ndogo nyuma ya soko, meza nne, chai, ugali, na managu yangu. Nilipata wateja kutoka stesheni, makuli na mafundi wa reli, watu wa njaa za kweli. Nilikuwa nimetulia. Rispa alikuwa shule.

Miaka ya hamsini ikielekea kwisha, mchana mmoja, mwanamke mmoja kijana aliingia amemshika mzee mkono. Alimkalisha meza ya karibu na mlango, akaniambia huyu ni baba yake, wametoka kwa daktari wa macho, wanaishi Longonot ambako mume wake anafanya kazi kwenye reli. Akaomba nimpe chai wakati yeye anakwenda stesheni kuuliza treni. "Haoni kabisa," akaninong'oneza. "Na msimpe mboga za majani. Tangu macho yaishe hazili kwa mtu yeyote. Hata kwangu hazili."

Nilimtazama. Koti lilikuwa lile lile, mfukoni kipande cha gazeti la zamani. Mikono yake ilikuwa inapapasa ukingo wa meza, ikisoma mbao.

Sikusema neno. Niliingia jikoni, nikapakua ugali na bakuli ya managu iliyolala na maziwa, nikamwekea mbele, nikarudi nyuma hatua moja.

Akainama juu ya bakuli, akavuta harufu. Nikangoja aanze kuyavuta majani kando, moja moja, ayapapase kwa vidole kama mtu anayehesabu. Akamega ugali. Akachovya. Akala. Akamega tena. Alikula bila haraka na bila kusimama, mpaka akaifuta bakuli kwa tonge la mwisho, na hakuna jani hata moja aliloligeuza.

"Mama Rispa," akasema, uso umeelekea pale nilipokuwa nimesimama. "Maziwa bado unazidisha."

Machozi yalikuwa yameshanitoka, lakini sikutaka ayasikie kwenye sauti. Nikashika kiuno.

"Umejuaje ni mimi? Maziwa ni ushahidi mmoja. Wa pili uko wapi?"

Akaisukuma bakuli kuelekea kwangu, akaigonga kwa ukucha ili niisikie ilivyo tupu.

"Nimekula," akasema.